Marola Arobaini na Sita

Wifi alikuja Jumapili mchana na ile karatasi yake.

Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaitandaza mezani baada ya kupangusa meza kwa kiganja, ingawa meza ilikuwa safi. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, aliouchana kwenye kitabu cha taarifa ya mwaka cha kiwanda cha unga. Chini yake palikuwa na saini ndefu yenye mkia na muhuri wa buluu. Kurasa nyingine zote, zile za picha na za tarakimu, alishaziwashia jiko.

"Wifi, nisomee tena."

"Si nilikusomea mwezi uliopita?"

"Nisomee tu, unapungukiwa nini?"

Mama Sindano aliishia darasa la saba, lakini kwa ukoo ule alikuwa ndiye msomaji. Alifuatisha mstari kwa kidole. "Kwa maoni yetu, hesabu hizi zinaonyesha hali halisi na ya haki ya kampuni."

Wifi alikuwa amefumba macho kama anayekunwa mgongo. "Umesikia? Kwa maoni yetu. Na huyu si mtu wa kiwanda. Meneja akisema kiwanda kina faida, huyo anajisifu mwenyewe. Lakini huyu katoka nje. Hana mjomba mle ndani. Kaja, kahesabu, kaona, kasaini."

Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika jiko la hospitali, mpaka mikono ikawa haina vinyweleo. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye hisa za kiwanda kile, miaka mitatu iliyopita, kilipotangaza kuwauzia wananchi. Sasa mwenye nyumba alikuwa anauza vile vyumba viwili alivyopanga, akampa yeye nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Naye alishapata wa kumuuzia hisa zake, mwenye duka la mabati. Walikubaliana kila kitu ila siku, kwa sababu mwenye duka alitaka kwanza aione taarifa ya ukaguzi ya mwaka huu.

"Saini ikitoka asubuhi, pesa naipata jioni," alisema wifi. "Nitakufa kwangu, si kwa mtu. Mdogo wangu, mbona kimya? Au hutaki dada yako awe na mlango wake?"

Mume wa Mama Sindano alikuwa kwenye kigoda, anashona soli ya kiatu. Hakuinua uso.

"Nasikiliza, dada."

"Anasikiliza! Baba yake naye alikuwa hivi hivi, unamwambia nyumba inaungua anakwambia anasikiliza."

Mama Sindano alicheka. Mumewe alivuta uzi mpaka ukakatika.

*

Kiwanda kilifagiliwa mara tatu asubuhi aliyokuja mkaguzi. Kuta zilipakwa chokaa mpaka pale mkono wa mtu ulipofika, juu yake utando wa buibui ukaachwa ujitegemee.

Miaka yote alikuwa anakuja mzee mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Soda. Alikuwa anaketi chini ya feni ya meneja, anakunywa soda mbili baridi, halafu anasindikizwa mpaka mlango wa stoo. Hapo alisimama, akahesabu kwa kidole magunia ya mbele kwa urefu, kwa upana na kwenda juu, akazidisha kwenye kikokotozi chake kidogo, akasema "Vizuri sana." Adhuhuri alishaondoka, na mfuko wa unga kwenye buti la gari.

Mwaka huu alikuja mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vya chini na penseli sikioni. Meneja alipompelekea soda alisema, "Ahsante, nimekunywa maji nyumbani," na mpaka saa nne habari hiyo ilikuwa imezunguka kiwanda kizima.

"Huyo kazi tunayo," mama wa mizani, mpima uzito, alimwambia Mama Sindano. "Mtu anayekataa soda ya bure, shoga yangu, huyo hana urafiki na mtu."

Siku tatu hakuonekana nje ya chumba cha mhasibu. Siku ya nne alifika kwenye kona ya Mama Sindano, chini ya mashine ya kushonea iliyoning'inia kwenye mnyororo. Hapo ndipo kila gunia lilipopita likiwa limejaa, mdomo wazi, na yeye akaufunga. Miaka tisa alikuwa anafunga.

"Mama, samahani, nakuchelewesha. Rola moja la uzi linafunga magunia mangapi?"

Mama Sindano aliachia mashine. Uzi! Miaka miwili nyuma rola moja lilipotea, na walinzi wa getini walimwingiza kwenye kibanda chao wakamvua mpaka nguo ya ndani. Mshahara ulikatwa miezi miwili. Baadaye rola lilionekana nyuma ya mizani, limeliwa na panya, wala hakuna aliyerudisha pesa wala aliyesema pole. Tangu hapo akawa na daftari.

"Mia nane," alijibu upesi. "Mzembe atafunga mia saba. Mimi mia nane."

"Una uhakika?"

"Nina daftari!"

Alilichomoa chini ya kigoda, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa cheti chake cha kuzaliwa. Mkaguzi alilifungua. Kila mstari ulikuwa na tarehe rola lilipoanza, tarehe lilipokwisha, magunia liliyofunga, na saini ya mtunza stoo pembeni.

"Nani alikuagiza uandike hivi?"

"Hakuna. Niliitwa mwizi."

Mkaguzi alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye daftari. Alilisoma lote, amesimama, vumbi la unga likimtua mabegani. "Marola arobaini na sita kwa mwaka mzima."

"Na hilo la arobaini na sita ndilo liko juu ya mashine. Halijaisha, angalia mwenyewe."

"Mashine ni hii moja?"

"Hii hii. Ikiharibika, kiwanda kizima tunakaa tunachambuana nywele."

Mkaguzi aliandika, akaomba abaki na daftari mpaka kesho. Alipogeuka kuondoka alisema, "Hakuna uzi uliopotea hapa, mama. Hata rola moja."

Mama Sindano alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka miwili. Jioni ile, getini, aliinua mikono apekuliwe na akawa anatabasamu. Mlinzi akamuuliza kama kaokota pesa.

*

Baada ya geti, mumewe alimkuta kwenye bomba la nje, nyuma ya kiwanda, wanaponawia unga. Yeye alikuwa mkuu wa wapanga magunia, na kwa jinsi marundo yake yalivyonyooka walimwita Fundi Ukuta. Alisubiri wengine waondoke.

"Umempa daftari?"

"Nimempa. Kaniambia hakuna uzi uliopotea. Kwa mdomo wake, baba watoto."

"Mama watoto, vitabu vya kiwanda vinasema mwaka huu tumefunga magunia elfu arobaini na moja. Uzi wako unasema hayafiki elfu thelathini na saba."

Alidhani anamtania. "Basi hayo mengine kashona nani?"

"Hakuna aliyeyashona. Hayapo."

Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika. Fundi Ukuta alisema chinichini, akiangalia bomba, kwamba yale marundo matatu ya nyuma ni kuta tupu. Nje magunia, juu magunia, katikati mbao na maboksi. Kila wiki ya ukaguzi meneja alikuwa anamwita, anamwambia nafaka iko njiani, tunatanguliza ukuta tu, mzigo ukifika tunajaza. Mzigo haukufika. Mwaka uliofuata shimo likaongezwa, kwa sababu faida ilibidi ionekane imekua. Naye Mzee Soda alikuwa anazidisha zile safu za mbele, basi.

"Tangu lini?"

Alinawa masikio kwa muda mrefu sana. "Tangu mwaka ule wa hisa."

"Kabla dada hajanunua, au baada?"

Alifunga bomba. "Wiki ile ile."

"Alikuuliza." Sauti ya Mama Sindano ilikuwa imeshuka. "Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kile kiti, akakuuliza, mdogo wangu, kiwanda ni kizima? Nikiwa nakusikia."

"Nikamwambia hesabu zimekaguliwa. Na kweli zilikuwa zimekaguliwa." Alijaribu kumshika mkono, mkewe akautoa. "Ningesema nini? Ningemwambia yeye, angewaambia shoga zake, kesho yake niko getini sina kazi, na ndani kuna watoto watatu. Nilisema mzigo utafika. Nilisema mwakani nitapanga rundo la kweli."

Walikaa kwenye ukingo wa karo, nguo zinawadondoka maji. Ndipo mumewe akasema lililomleta. Meneja alitaka kesho Mama Sindano aingie ofisini, aseme kulikuwa na mashine ya pili ya kukodi, miezi minne, ambayo hakuiandika kwenye daftari lake.

"Neno moja tu, mama watoto. Mkaguzi atasaini. Dada atauza hisa zake, atapata vyumba vyake. Baada ya hapo kiwanda kikitaka kuanguka kianguke."

"Kimwangukie mwenye duka la mabati."

"Yeye ana duka."

"Mkewe kajifungua mapacha juzi. Nilimpelekea sabuni."

Fundi Ukuta alikamua pindo la shati lake. Alisema tu, "Ni dada yangu."

*

Meneja alikuwa ametandika gazeti kwenye kiti kabla Mama Sindano hajakikalia, kwa sababu ya unga. Lakini leo alimwita mama, na soda ilikuwa mbele yake, imeshafunguliwa, inatoa jasho.

"Mama ana jambo alilisahau," alisema meneja. "Si unajua tena, hawa wetu hawakusoma sana."

Daftari lilikuwa mezani, katikati yao. Mkaguzi alilisogeza kidogo kuelekea kwake. "Nasikia kulikuwa na mashine ya pili."

Usiku Mama Sindano alikuwa ameamua. Angesema ndiyo, kwa ajili ya wifi. Wifi ndiye aliyemwogeshea watoto wote watatu siku za kwanza, ndiye aliyemletea mabaki ya jiko la hospitali mwaka ule mumewe alipovunjika mguu, akiyaficha chini ya kanga. Neno moja. Alifungua mdomo, macho yakatua kwenye jalada la daftari, pale palipoandikwa kwa mwandiko wake wa shule, Daftari la Uzi. Akawaza, nikisema kulikuwa na mashine nyingine, basi ilikula uzi. Uzi uliotoka stoo ni marola arobaini na sita, na yote nimeyaandika kwangu. Huo mwingine nitasema ulitoka wapi? Watasema niliuiba, au watasema daftari hili ni la uongo. Na kweli litakuwa la uongo.

"Sasa," alisema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, "hiyo ya pili ingekuwa inashona kwa uzi gani?"

Hakukusudia. Lilimtoka kama kikohozi. Meneja aliweka kalamu chini. Mkaguzi alinyanyuka, akachukua daftari, akasema, "Twende stoo."

Walienda wote, na wafanyakazi wakasimamisha kazi. Mkaguzi alivua viatu, akapanda ngazi mpaka juu ya rundo la nyuma kabisa. Alimwambia Fundi Ukuta aanze kuondoa magunia ya juu, safu kwa safu, kutoka ukingoni kwenda ndani. Akaondoa moja, akaondoa la pili. Jasho lilimchora mistari kwenye unga wa uso. Mkaguzi alikuwa anamfuata nyuma, anahesabu kwa penseli, hatua kwa hatua kuelekea katikati.

"Mama!" Fundi Ukuta alipaza sauti ghafla. "Usikanyage hapo. Simama. Hapo chini pana shimo, utaumia."

Meneja alikuwa ameshageuka anaelekea mlangoni. Mkaguzi alichutama, akanyanyua gunia moja, akachungulia chini gizani kwa muda. Alipoinuka alionekana kuchoka, kama mtu aliyekuwa anaomba asikione kile alichokiona.

"Ahsante kwa kuniambia," alimwambia Fundi Ukuta.

*

Mkaguzi hakusaini. Aliandika kurasa nne, na gazeti likaziweka kwa maneno machache, kwamba faida ya mwaka ule na ya miaka miwili iliyotangulia haikuwako. Lile gawio dogo ambalo wenye hisa walipokea, na wifi akajinunulia godoro, lilitoka kwenye pesa za wenye hisa waliokuja nyuma yao. Benki ikatia kufuli kiwandani ndani ya wiki. Watu walijaa getini na makaratasi yao mikononi, wakawa wanamwonyesha mlinzi, ambaye naye alikuwa na yake mfukoni.

Mwenye duka la mabati alimpokea wifi kwa adabu. "Shangazi, ningekuwa na pesa za kutupa, ningekuja kuzitupa kwako. Ila sina." Akamletea kiti, wifi asikikalie.

Fundi Ukuta alilala polisi siku mbili, akaachiwa, kwa kuwa waliyemtaka ni meneja, na meneja hakuonekana tena. Alirudi nyumbani akaketi kwenye kile kigoda. Wafanyakazi mia na kumi na mbili hawakulipwa mwezi wa mwisho, na wengi wao hawakuwa na hasira na meneja waliyemsikia tu akipita. Walikuwa na hasira na waliyemjua.

"Huyo anapita," walisema kwenye foleni ya maji. "Miaka tisa anashona midomo ya magunia, wake ukamshinda."

"Si angenyamaza tu? Mbona Mzee Soda alikuwa hana maneno?"

"Kataka sifa kwa yule mwanamke."

Mama Sindano aliweka ndoo yake mwisho wa foleni, akangoja. Alipofika bombani, mama wa mizani, yule yule aliyemwita shoga, alimfungia maji mbele ya macho. "Yamekatika," alisema, huku tone likidondoka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba wifi hakuja. Si kumtukana, si kulia. Wiki nne. Akapata habari kwa watu kwamba vyumba vimenunuliwa na mtu mwingine, na kwamba wifi amepewa siku tatu ahame.

*

Alikuja siku ya tatu, asubuhi, nyuma ya mkokoteni. Juu yake kulikuwa na lile godoro, sufuria moja kubwa ya hospitali, na magunia matatu ya kiwanda yenye vitu vyake, midomo wazi. Nguo zilikuwa zinachungulia.

Fundi Ukuta alitoka mlangoni. "Dada, ingia. Chumba cha watoto tumeshakipanga. Watoto watalala na sisi."

"Nakwenda kwa binamu yetu, kule mashambani," wifi alijibu, akimtazama mwenye mkokoteni. "Lori linaondoka saa sita."

"Dada, hapa ni kwako."

"Sitalala kwenye nyumba ya mtu niliyemuuliza akaniangalia usoni." Hakupandisha sauti. Kisha akageuka. "Wifi. Njoo unishonee, njiani yatamwagika."

Mama Sindano aliingia ndani akatoka na sindano yake kubwa iliyopinda na kipande cha uzi wa kiwanda alichobaki nacho, kile kilichokuwa juu ya mashine siku ya mwisho. Alipiga magoti barabarani. Walishona, mmoja anashika mdomo wa gunia, mwingine anapitisha sindano. Gunia la kwanza likaisha. La pili.

"Wifi," Mama Sindano alianza, "mimi nilitaka kusema ndiyo. Naapa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Najua."

"Nisamehe."

Wifi alikunja ukingo wa gunia la tatu vizuri, ulingane. "Nilikasirika. Wiki mbili nilikuwa nakuota nakupiga. Halafu nikasema, huyu mwanamke wa penseli kauliza uzi tu. Kitu kidogo hivyo, uzi." Alivuta mdomo wa gunia ukaze. "Yule mzee wa kwanza angeuliza uzi mwaka ule, mimi nisingenunua. Ningekuwa na vyumba vyangu sasa hivi. Ni hilo tu ndilo linaloniua, wifi. Uzi ulikuwepo. Na wewe ulikuwepo, umekaa pale pale."

Mama Sindano alikata uzi kwa meno. Hakuweza kuona vizuri alipokuwa anafunga fundo.

Wifi alichomoa ule mfuko wa nailoni kifuani, wenye karatasi ya saini na muhuri, akautazama kama anayetafuta pa kuuweka. Hatimaye akaurudisha mahali pake.

Fundi Ukuta alikuwa ameshaanza kupakia. Alibeba gunia la kwanza, akalilaza. La pili akalilaza kando yake. La tatu alilivusha juu yake kwa upana, lifunge yale mawili, akasukuma pembe kwa goti mpaka zikanyooka, kama alivyokuwa anafanya kila siku kwa miaka yote ile, bila kufikiri.

"Usinipangie," alisema dada yake. "Yaweke tu."

Alibaki na mikono hewani. Kisha akalishusha lile la tatu, akaliegesha upandeupande, akarudi nyuma hatua mbili. Mkokoteni ulipoondoka, gunia lile lilikuwa linayumba kila palipokuwa na shimo, na hakuna aliyesogea kulishika.